Malindi hadi Bogoria na watoto: Noah itafika kwenye chemchemi za maji moto? Na hema tupige wapi?

Mama Nasra (Malindi):
Assalam alaikum jamani. Likizo ya Disemba, inshallah, tunakwenda Ziwa Bogoria kule Baringo na Noah yetu. Tuko mimi, baba watoto, mama mkwe na watoto watatu, mdogo ana miaka sita. Wameona picha za maji yanayotokota yenyewe ardhini, sasa kila siku ni kuuliza tunaondoka lini. Nataka tulale kwenye hema japo usiku mmoja, porini hasa, si hotelini. Je, gari itafika? Yale maji yanaogeka? Na wanyama usiku? Mama mkwe ana presha, sitaki ashtuliwe.

Dereva wa Barani:
Waalaikum salaam, Mama Nasra. Njia hiyo naijua, nimepeleka wageni huko tangu kabla ziwa halijapanda.

Kwanza kuoga: hayaogeki kabisa. Maji ya mvua hupenya kwenye nyufa za Bonde la Ufa, yakakutana na miamba ya moto huko chini, yakarudi juu yanachemka. Pale Loburu, ukingo wa magharibi, mengine huruka hewani kwa kishindo. Lakini kinachonitia hofu mimi si hayo yanayoruka, ni ardhi ya pembeni. Utaiona nyeupe, kavu, kumbe ni gamba tu na chini yake ni maji moto. Likibomoka, mguu wa mtoto umezama. Huyo wa miaka sita ashikwe mkono tangu anaposhuka garini hadi anaporudi, na ashikwe na mtu mzima, si dada yake. Wote wavae viatu vya kufunga, ndala ziacheni kwenye gari.

Mayai watu huchemsha pale, watoto watafurahi. Tieni kwenye kikapu kidogo, mfunge kwenye fimbo ndefu, na baba watoto ndiye atumbukize. Maganda mrudi nayo.

Anayetaka kukanda mwili, karibu na Loboi, kaskazini mwa ziwa, ipo hoteli yenye bwawa la maji ya chemchemi, vuguvugu. Mama mkwe amuulize daktari wake kabla ya kuingia.

Gari: lami inafika Loboi, Noah haina shida. Ndani ya hifadhi ni habari nyingine. Ziwa lilipopanda lilimeza barabara ya ukingoni, lango la zamani na baadhi ya chemchemi, kwa hiyo waulizeni askari wa langoni njia gani inapitika siku hiyo. Kambi nzuri kuliko zote ziko kusini, chini ya mikuyu mikubwa, lakini ukipitia Mugurin kuelekea lango la Emsos ni mawe matupu. Huko ni kwa gari ya juu yenye nguvu magurudumu yote. Nyinyi pigeni hema upande wa Loboi.

Na msiende mbio siku moja. Hapa hadi Mombasa ni kama kilomita 120, Mombasa hadi Nairobi 480, Nakuru 160 nyingine, mji wa Marigat, jirani na ziwa, kama 100 tena. Laleni njiani. Ukikata kwa lango la Sala ukatokee Voi utaona ndovu, ila unapita ndani ya Tsavo Mashariki na kiingilio utalipa. Mogotio mtavuka Ikweta, simameni watoto wapige picha.

Sababu kubwa ya kulala huko huko ni alfajiri. Jua likishapanda Baringo ni joto kali na mvuke hauonekani vizuri. Lango likifunguliwa tu, hewa ingali baridi, mvuke unasimama mweupe ukingo mzima, na heroe wako kwenye maji wanakula mwani. Anayelala Nakuru akafika saa tano hayaoni hayo, na mimi huona amepoteza safari.

Bint Shela (Lamu):
Mimi ningelala Ziwa Baringo, si mbali na hapo. Pana upepo na mashua, sisi watu wa bahari tunapenda maji. Bogoria mngekwenda asubuhi.

Dereva wa Barani:
Dada, kwa mashua sawa, nendeni mchana. Kwa hema na mama mwenye presha, hapana. Baringo ni maji matamu, kwa hiyo pana viboko na mamba, na usiku kiboko hupanda nchi kavu kula majani, anakuja hadi kwenye mahema. Bogoria ni maji ya magadi, hata samaki hawaishi humo, na kiboko hakai. Mtasikia fisi kwa mbali. Msumbufu ni nyani: chakula chote kilale ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Mwalimu wa Gede:
Naongeza moja. Mchukueni kijana wa hapo hapo awaongoze. Ile ni ardhi ya Waendorois, waliondolewa miaka ya sabini ili hifadhi ipatikane, na mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatangaza uamuzi kwamba walidhulumiwa. Wao ndio wanaojua wapi pa kukanyaga, na haifai watu wapite kwao bila kuwaachia chochote. Marigat mnunue asali. Na chandarua, malaria ipo.

Mama Nasra:
Shukran sana nyote. Baba watoto amesoma, amekubali tulale Nakuru kwanza. Swali la mwisho: nije na seredani yangu au tutapata kuni?

Dereva wa Barani:
Njoo na seredani na makaa. Kuni za hifadhini usiokote. Maji ya kunywa na ya kupikia jazeni madumu Marigat, kwa sababu ya ziwa na ya chemchemi hayanyweki hata ukiyachemsha. Makaa uyamwagie maji kabla ya kulala, majani ya huko Disemba ni makavu.