Naomba ushauri: viza imekwisha nikiwa bado nasubiri pasipoti mpya

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Niliingia ugenini kihalali, lakini viza yangu imekwisha siku 9 zilizopita huku pasipoti mpya niliyoomba kupitia ubalozi wetu ikiwa haijafika, na idara ya uhamiaji haiongezi muda kwenye pasipoti iliyokwisha. Stakabadhi ya maombi ninayo, ingawa natambua kwamba peke yake hainipi haki ya kuendelea kukaa. Je, nijipeleke uhamiaji mapema nikiwa na barua ya ubalozi, au nichukue hati ya dharura ya kusafiria nirudi nyumbani? Ninachokihofia kuliko faini ni kupigwa marufuku kuingia tena, kwa kuwa masomo yangu hayajakamilika. Aliyewahi kupitia hali hii, tafadhali anieleze alianzia wapi.