Ratiba ya Biblia ya mwaka nasoma bila kuelewa, nikichimba nabaki nyuma. Wenye kazi za zamu mnafanyaje?

MamaPendo_Kivule (mleta uzi)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Na wengine wote, habari za wikiendi.

Mimi ni muuguzi, naishi Kivule, kufika kazini ni daladala mbili. Zamu zinazunguka: asubuhi, jioni, usiku, halafu ofu. Nyumbani nina watoto wawili, mdogo bado ananyonya, na baba yao naye anatoka alfajiri.

Tangu Januari nafuata ile ratiba ya sura nne kwa siku, kila sura kutoka sehemu yake ya Biblia. Kwa kweli sijaiacha. Ila ukiniuliza jana nimesoma nini, nitakwambia ni Ezekieli na vipimo vya hekalu, dhiraa hizi dhiraa zile, basi. Macho yanapita, tiki naweka, nalala.

Nikaona hapana, ngoja nikae nichimbe. Nikachukua Warumi, daftari na kalamu za rangi. Utamu niliuona, lakini wiki zinapita niko sura ya kwanza, na huku programu ya simu inanikumbusha kila siku kwamba nina kiporo, utadhani mweka hazina wa kikoba anadai rejesho.

Sasa juu ya hapo mzee wa kanisa kanipanga niongoze somo jumuiyani kwetu, kila Alhamisi ambayo siko kazini. Siwezi kwenda kuongoza watu kwa kukumbuka dhiraa.

Naomba ushauri: mtu mwenye maisha haya asome Biblia yote kwa haraka, au achukue kitabu kimoja akichimbe? Au vyote vinawezekana?

Ombi moja tu. Msiniambie niamke saa kumi alfajiri. Zamu ya usiku saa kumi ndiyo napita kitanda kwa kitanda kupima presha.

Lofa_Mstaarabu

Umefika Ezekieli unalalamika? Mimi ratiba zangu zote zimezikwa Walawi. Mwanzo naimaliza kwa shangwe, Kutoka mpaka Bahari ya Shamu mambo safi, tukifika kwenye mafuta ya figo na kitambi cha ini najiambia nitaendelea kesho. Hiyo kesho huwa Januari.

Naweka kambi hapa, waje wenye majibu.

NyundoYaUkweli

Muda upo dada, tatizo ni vipaumbele. Hebu angalia kwenye simu yako TikTok inakula saa ngapi kwa siku, utapata jibu.

fundi_Goba

@NyundoYaUkweli mkuu, umesoma uzi au umesoma kichwa cha habari tu? Mtu ananyonyesha na anafanya zamu ya usiku, unamuuliza TikTok.

Katekista_Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi Wakatoliki mzigo wa kuchagua tumeshapunguziwa. Masomo ya misa yamepangwa kwa kila siku. Za Dominika mzunguko wake ni miaka mitatu: mwaka A tunatembea na Mathayo, B na Marko, C na Luka, Yohane anaingia zaidi Kwaresima na Pasaka. Za siku za kawaida, somo la kwanza linazunguka kwa miaka miwili. Ukiwa na kalenda ya liturujia hupotei, hata ukiruka wiki unadakia siku ya leo, hakuna anayekudai za jana.

Hilo la kutodaiwa za jana ndilo ningekushauri ulichukue, dada, hata kama wewe si wa kwetu. Kasoro yake nayo niiseme: kuna sehemu kubwa za Agano la Kale hazisomwi kabisa kwenye misa. Anayetegemea misa peke yake hatasikia Waamuzi yote hata akiishi miaka mia.

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Dada, pole na zamu. Hiyo ratiba naijua vizuri. Iliandikwa 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee kule Uskoti, kwa ajili ya washarika wake. Mwaka uliofuata akafariki, ana miaka 29. Ukiifuata unamaliza Agano la Kale mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili.

Wengi hawajui kwamba zile sura nne hakuzitwisha faragha ya mtu mmoja. Mbili ni za ibada ya familia, mbili za mtu binafsi. Na mwenyewe aliorodhesha hatari za ratiba yake: kusoma kwa mazoea, kujiona mwenye haki kwa sababu umetimiza, kusoma ovyo ovyo, na kugeuza ratiba nira isiyobebeka. Uzi wako uko kwenye hizo mbili za mwisho. Kwa hiyo kata nusu bila kuona aibu. Sura mbili kwa siku, miaka miwili unamaliza, na zima hiyo kengele ya viporo.

Sasa kuchimba. Hapa sikubaliani na wanaosema uchague kimoja. Usomaji wa haraka ndio unaokupa vifaa vya kuchimbia, ila usifanye vyote viwili kwenye kikao kimoja. Kusoma kunaingia popote, hata kwenye foleni. Kuchimba kunataka meza na saa moja ya kichwa kilichopumzika, na mara moja kwa wiki inatosha kabisa. Warumi kwa mtu wa zamu ni mlima mrefu mno kuanzia. Chukua 1 Wathesalonike: sura 5, mistari 89. Yote unaimaliza kwa robo saa.

Wiki ya kwanza usiandike chochote. Isome yote kwa mkao mmoja, na siku nyingine uirudie. Kuna kitu utakiona ambacho msomaji wa mstari mmoja mmoja hakioni kamwe. Ile 4:13 na kuendelea, ya waliolala mauti, tunaisikia kila msibani, mpaka tunadhani Paulo aliiandika kwa ajili ya makaburini. Lakini angalia mwisho wa sura ya kwanza: wanamngojea Mwana kutoka mbinguni. Mwisho wa sura ya pili, kuja kwa Bwana. Mwisho wa ya tatu, kuja kwake tena pamoja na watakatifu wake wote. Ya nne unaijua. Ya tano, mstari wa 23, kuja kwake tena. Kila sura inaishia hapo. Aliyegawa sura alikuja zaidi ya miaka elfu moja baada ya Paulo, kwa hiyo mgawanyo si wa Paulo, lakini jambo lenyewe limetapakaa barua nzima.

Wiki ya pili fungua Matendo 17. Paulo na Sila wanafika Thesalonike, anahojiana nao sinagogi sabato tatu, ghasia zinazuka, nyumba ya Yasoni inavamiwa, usiku huohuo ndugu wanawatorosha kwenda Beroya. Ukitoka hapo rudi 1 Wathesalonike 2:17 mpaka 3:5, usome mtu aliyeondolewa ghafla anavyohangaika kutaka kujua wale aliowaacha wanaendeleaje, hadi anakubali kubaki peke yake Athene ili Timotheo aende kuwaangalia. Ungeijuaje Matendo 17 kama huna kawaida ya kusoma Biblia kwa mapana? Ndiyo maana nasema usiache ile ratiba, ipunguze.

Daftari lako liwe na maswali kuliko majibu. Swali moja zuri linatosha kwa Alhamisi nzima.

binti_wa_Sabato

Nimeipenda ya mwinjilisti. Kwetu Wasabato lesoni, kile kijitabu cha somo la Biblia, inaenda kwa robo mwaka, wiki 13, na kila somo linaanza Sabato alasiri hadi Ijumaa. Kuna robo tunakaa na kitabu kimoja cha Biblia mwanzo mpaka mwisho. Faida yake ni kwamba Sabato asubuhi unajua kuna watu mtajadiliana nao, kwa hiyo unajikuta umesoma.

Ila nisiwadanganye. Wengi tunasoma za wiki nzima Ijumaa jioni jua linakaribia kuzama. Na kuna anayesoma maelezo ya lesoni akaruka mafungu yenyewe ya Biblia, akidhani amejifunza.

SistaZamuYaUsiku

Shoga yangu, mimi pia ni nesi, nikupe ya wodini.

Ukitoka usiku usiguse daftari. Utaandika vitu ambavyo kesho yake huvielewi. Siku hiyo sikiliza tu. Biblia ya Kiswahili ya sauti ipo bure kwenye programu ya YouVersion. Mimi Yeremia yote nimeisikiliza nikifua na kukuna nazi.

Kwenye daladala simu usitoe, hasa ukiwa dirishani pale Gongo la Mboto, utashuka huna simu wala Neno. Wagideoni huwa wanawagawia wauguzi Agano Jipya dogo lenye jalada jeupe, lina Zaburi na Mithali mwishoni. Linaingia mfuko wa gwanda, na hakuna kibaka anayelitaka.

Kuchimba fanya siku ya ofu, lakini si ofu ya kwanza. Ya kwanza ni ya kulala na kufua. Kama ofu ni moja tu wiki hiyo, basi wiki hiyo hakuna kuchimba, na hakuna aliyekufa.

NyundoYaUkweli

Kusikiliza si kusoma. Mtu anakuna nazi huku anasema ametafakari Yeremia? Tusishushe viwango.

Mwinjilisti_wa_Mtaa

@NyundoYaUkweli ndugu yangu, Ufunuo 1:3 inasema heri asomaye na wao wayasikiao. Msomaji ni mmoja, wasikiaji ni wengi. Na hiyohiyo 1 Wathesalonike 5:27, Paulo anawaapisha kwamba ndugu wote wasomewe barua hii. Walioipokea wengi wao waliisikia tu kwa masikio. Kwenye Nehemia 8 watu walisimama tangu mapambazuko mpaka adhuhuri wakisikiliza, na Walawi wakawaeleza maana.

Nakubaliana nawe kidogo tu: kusikiliza hakutoshi kuandalia somo. Kwa hilo lazima macho yarudi kwenye maandishi.

fundi_Goba

Na yule towashi wa Kushi alikuwa anasoma Isaya njiani, juu ya gari. Filipo hakumwambia shuka kwanza ukaamke saa kumi. Alimuuliza, "Je! Yamekuelea haya unayosoma?" akapanda wakakaa pamoja.

MamaPendo_Kivule

Jamani nimesoma zote, asanteni sana. Mwinjilisti, hilo la kila sura kuishia kwenye kuja kwa Bwana nimelihakikisha hapa nikinyonyesha, nimebaki mdomo wazi. Barua hii nimeisikia misibani maisha yangu yote.

Nimeshazima kengele. Sura mbili tu, moja tutasoma na baba Pendo na watoto kabla ya kulala, akiwa yupo. Nyingine ya daladala. Dada wa zamu ya usiku, hilo Agano Jipya jeupe ninalo, lilikuwa kwenye droo na vyeti tangu chuoni!

Maswali mawili. Natumia Biblia gani kwa kuchimba? Ninayo ya zamani ya mama, Kiswahili chake kigumu, na kwenye simu nina tafsiri ya Habari Njema. La pili, jumuiyani kuna wazee wanaoijua Biblia kuliko mimi. Nawaongozaje?

Katekista_Songea

Kwa Biblia, tumia zote mbili. Ya mama bila shaka ni Union Version ya 1952. Inafuata maandiko ya asili kwa karibu na mistari yake ndiyo watu wameikariri, kwa hiyo jumuiyani isome hiyo. Ukikwama kwenye sentensi ndefu ya Paulo fungua Habari Njema uone wametatuaje. Pale zinapotofautiana weka alama, maana hapo ndipo penye kazi. Kama ya mama ina marejeo chini ya mistari, hiyo ni hazina, yafuate moja moja.

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Na kwa wazee usiwaongoze kama mwalimu. Wasomewe sura nzima kwanza, msomaji mwenye sauti nzuri asome bila kukatishwa. Halafu rusha swali lako moja unyamaze. Mzee mmoja atazungumza sana, mwache amalize, kisha uulize kwa upole, "Baba, hilo tunaliona mstari wa ngapi?" Swali hilo linarudisha kila mtu kwenye kitabu na halimvunjii mtu heshima.

Jiandae na 4:15, pale Paulo anaposema "sisi tulio hai, tutakaosalia". Kuna atakayekuuliza kama Paulo alitegemea kuwa hai siku hiyo.

MamaPendo_Kivule

Na nikiulizwa nijibu nini?

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Soma kwanza 5:10 ndipo tuzungumze. Ofu yako ni lini?

MamaPendo_Kivule

Jumanne na Jumatano. Jumanne nafua.

Lofa_Mstaarabu

Mimi nimefungua hiyo 1 Wathesalonike, nimemaliza yote kabla ugali haujaiva. Mwinjilisti, Jumatano na mimi nipo.