Mama anaomba matobolwa na mimi niko Dar. Nitayakaushaje?

BintiWaMaswa

Mwangaluka ndugu zangu wa Usukumani, na wengine wote habari za leo.

Nimemchukua mama kutoka Maswa baada ya miguu kuanza kumsumbua, sasa tunaishi naye hapa Dar. Chakula cha hapa anakila kwa heshima. Wali anakula, samaki anakula, lakini asubuhi nikimwekea chai na mkate anaumega kidogo, anausogeza pembeni, kisha anauliza kama kweli mji mzima huu hauna matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kukaushwa. Nimeulizia sokoni, wauzaji wananionyesha makopa ya muhogo. Kwa hiyo nimeamua kuyatengeneza mwenyewe.

Matobolwa nimekulia humo humo. Mvua zikishakwisha na viazi vikichimbwa, kuanzia mwezi wa sita hivi, mji wetu wote ulihamia kwenye jabali lililokuwa nyuma ya zizi. Mama na shangazi waliketi na visu vyao, chungu kimetoka motoni, wanamenya viazi vingali na joto na kuvikata kwa urefu. Sisi watoto tulipokea vipande na kuvipanga juu ya jiwe, kimoja mbali na kingine. Mchana lile jiwe lilichoma nyayo. Kazi yetu nyingine ilikuwa kufukuza mbuzi na kuku, na malipo yake tulijilipa wenyewe, maana kipande kilichokauka nusu, kigumu nje na laini katikati, hakuna pipi niliyowahi kula mjini inayokifikia.

Lakini mlo wenyewe ninaoukumbuka ni wa msimu wa kulima, Desemba kuelekea Januari, mahindi yakiwa yamepungua. Mama aliinjika matobolwa alfajiri, akayachemsha hadi yakalainika, kisha akamimina karanga alizotwanga usiku uliopita. Mchuzi ukawa mzito wa rangi ya udongo wetu wa kichanga. Baba na kaka zangu walipakuliwa wa kwanza kwa sababu walikuwa wanatangulia shambani na ng'ombe wa plau. Sisi wasichana tulikula jikoni na bibi, sahani moja, magoti yakigusana. Bibi hakuwa na meno mengi, hivyo mama alimchagulia vipande vya chini ya chungu vilivyolainika zaidi, akamsogezea upande wake bila kusema neno. Sasa mama ndiye mwenye umri ule. Nataka na mimi nimchagulie.

Maswali yangu: viazi vya soko la Dar vinafaa, au niagize vya kwetu? Vinachemshwa kwa muda gani kabla ya kukatwa? Na hapa hakuna jabali wala upepo mkavu wa kwetu, hewa ina chumvi na unyevu. Nikausheje visiote ukungu?

---

MzeeKahama

Mwangaluka mayu. Umeuliza jambo jema, nitajibu kwa urefu.

Kwanza kiazi. Tafuta kile tunachokiita cha unga, ambacho ukikichemsha kinapasuka ganda na kukauka mdomoni. Vile vyenye maji mengi vinapondeka kwenye kisu, na vikikauka vinabaki vyembamba kama ngozi. Sokoni mwombe muuzaji akuchemshie kimoja au nunua vichache ukajaribu nyumbani kabla ya kubeba gunia. Na usichukue vyenye vitundu vyeusi. Huyo ni mdudu fukuzi. Ardhi ikishakauka na kupasuka, fukuzi huingia kwenye nyufa mpaka kwenye kiazi, na kiazi kilichotobolewa kinakuwa kichungu hata ukikichemsha siku nzima. Ndiyo maana wazazi wetu hawakuviacha viazi ardhini kiangazi chote. Walivichimba na kuvikausha, wakamwachia fukuzi shamba tupu.

Kuchemsha: maji kidogo chini, funika kwa majani ya mgomba au kitambaa kizito ili mvuke ndio uivishe. Ukitoa, kisu kiingie bila kusukumwa lakini kiazi kisimeguke. Kwetu hatukukata siku hiyo hiyo. Tulimenya, tukaacha vipoe usiku kucha kwenye ungo, asubuhi vimeshikana na vinakatika vizuri. Unene uwe kama wa kidole chako kidogo. Vikiwa vyembamba zaidi vitavunjika, vikiwa vinene katikati haitakauka, na hapo ndipo ukungu unapoanzia.

Kukausha Dar kunawezekana, ila chagua miezi. Masika ya Machi hadi Mei usithubutu, na vuli nayo ni ya kubahatisha. Juni hadi Septemba ndiyo nafasi yako. Usianike chini kwenye saruji, inarudisha unyevu usiku. Tengeneza kichanja kwa wavu wa chuma au chekeche la mianzi, hewa ipite juu na chini, na weka mahali bati la jirani linapoakisi jua. Jua likishuka ingiza ndani kabla umande haujaanza. Vimekauka pale unapokivunja kipande na kikatoa sauti. Kikipinda bila kuvunjika, kirudishe juani.

Nikuambie na kwa nini nayapenda. Mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Mvua zilikuwa zimekataa, na huo ndio mwaka Operesheni Vijiji ilipofika kwetu tukaambiwa tuhamie kijiji kipya. Kihenge hakihamishiki, kinabomoka. Mama alikifungua, akajaza michembe, yaani viazi vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, na matobolwa kwenye magunia, akayapakia kwenye mkokoteni chini ya vyungu, na sisi tukakaa juu yake. Huko tulikofika watu walikuwa wanapanga foleni ya unga wa njano wa kutoka nje. Na sisi tulipanga, sisemi hatukupanga. Lakini usiku, kabla nyumba haijapata paa, baba aliwasha shikome, ule moto wa jioni wa familia kukaa pamoja, kama alivyouwasha kule tulikotoka, na mama akagawa matobolwa makavu kwa kila mtoto aliyekaa pale, wetu na wa majirani tusiowajua bado. Watu wawili kati ya wale majirani wamekuja kuwa wakwe zangu.

---

Asali_ya_Urambo

Dada Binti, pole na mama. Mimi ni Mnyamwezi, na kwa heshima yote kwa Mzee wa Kahama, naomba niitetee michembe.

Matobolwa ni matamu, nakubali. Lakini michembe haihitaji kuni za kuchemshia mara mbili. Unaacha viazi vibichi vinyauke juani kwanza, vinakuwa vilaini na havikatiki ovyo, unamenya, unakata, unaanika. Basi. Ukiwa na mama mgonjwa na kazi ya ofisini, hilo ni jambo kubwa. Halafu michembe unaweza kuitwanga ukapata unga, ukachanganya na unga wa mtama kwa uji. Mama asiye na meno atashukuru zaidi huo uji kuliko vipande.

Kwetu bibi alichemsha michembe na karanga kama ninyi, ila mwishoni aliteremsha chungu, akasubiri kipoe kidogo, ndipo akamwaga asali ya miombo. Alisema asali haiwekwi motoni. Babu alikuwa na mizinga ya magome porini na tulikula asali yake hadi masega yaliyobaki. Sijawahi kuweka sukari kwenye michembe, na sidhani kama nitawahi.

Jambo la kuhifadhi: usirudie magunia ya zamani bila kuyaanika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yule mdudu wa ghalani, dumuzi mkubwa, ambaye wengi kwetu walimwita Skania, alionekana kwa mara ya kwanza nchini hapa hapa Tabora. Asili yake ni Amerika ya Kati. Alikula mahindi na mihogo mikavu mpaka kikabaki kivumbi, na michembe hakuisamehe. Mama yangu alihama kwenye kihenge kwa ajili yake. Tangu hapo anatumia madumu ya plastiki yenye mfuniko wa kukaza, na kila mwezi anayatoa juani. Dar fanya hivyo hivyo.

---

Soroti_Mwanza

Mimi natokea Teso, Uganda, nafanya kazi Mwanza. Nimefurahi sana kusoma hapa kwa sababu nilidhani sisi peke yetu tunakausha viazi. Michembe yenu kwetu ni amukeke. Tuna nyingine, inginyo, ambayo viazi vinapondwa vibichi na kukaushwa, halafu vinasagwa na kupikwa atapa, yaani ugali wetu, pamoja na mtama au muhogo. Mama yangu anatia maji ya ukwaju kwenye atapa, ladha yake inaamsha mtu. Jaribu siku moja ukwaju na uji wa michembe, mama akikosa hamu ya kula.

---

Lishe_Bora_Moro

Habari zenu. Nafanya kazi ya lishe vijijini, nitaongeza mawili tu yanayohusu nyumba yenye mzee na, nadhani, watoto.

Ukikutana na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, usivifanye matobolwa ya kukaa mwaka. Hiyo rangi ndiyo inayogeuka kuwa vitamini A mwilini, na jua kali pamoja na miezi ya kukaa ghalani huipunguza sana. Wape watoto vikiwa vibichi kutoka sokoni, uvichemshe na kula siku hiyo. Kama ni lazima kuvikausha, kausha kivulini penye upepo na vilike mapema. Hii ni kazi iliyofanyiwa utafiti mkubwa kwetu Afrika. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watu wanne, watatu kati yao kwa viazi hivi, na mmoja wao ni Robert Mwanga wa Uganda. Kwa matobolwa ya bibi, kile kiazi cheupe cha unga alichosema Mzee ndicho chenyewe.

La pili ni karanga. Zichague moja moja kabla ya kutwanga. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu itupwe, isikaangwe kwa kudhani moto utasafisha. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na karanga ni zao jingine linaloshikwa kwa urahisi. Wazazi wetu walikaa jioni na ungo wakichambua karanga huku wakizungumza. Ile kazi ilikuwa na maana, naomba tuirudishe.

---

BintiWaMaswa

Wabeja sana, wote. Nimemsomea mama majibu yenu jioni hii, moja baada ya jingine, na ilibidi nirudie ya Mzee wa Kahama kwa sababu aliniambia nisome polepole.

Anawasalimu. Kuhusu kuacha viazi vipoe usiku kucha anasema ni kweli, walifanya hivyo vikiwa vingi, lakini shangazi hakuwa na subira, ndiyo maana nakumbuka vikikatwa na joto. Unene wa kidole kidogo anaukataa. Anasema huo ni wa Kahama, Maswa walikata vinene zaidi na jabali lilivikausha. Kwa kuwa hapa hakuna jabali nitafuata kipimo chako Mzee, na yeye amekubali kwa shingo upande.

Dada wa Urambo, mama amecheka kwa asali. Kumbe baba yake naye alikuwa na mizinga, jambo ambalo hajawahi kunisimulia miaka yote hii. Ameongea juu yake hadi chai ikapoa. Nitatafuta asali ya Tabora, na dumu lenye mfuniko nitanunua.

Mpango wangu ni huu. Binamu yangu atanitumia viazi vyeupe kwa basi mwezi wa saba, kwa sababu mama hakuridhika na hivi vya sokoni nilivyomchemshia. Kichanja anakitengeneza fundi hapa mtaani, nimemwagiza wavu wa matundu madogo na miguu mirefu kuliko mbuzi wa jirani. Nusu tutafanya matobolwa, nusu michembe ya unga. Watoto wangu wamepewa zamu ya kulinda wakirudi shule. Karanga mama amesema asiguse mtu, atazichambua yeye mwenyewe, mikono bado inafanya kazi.

Kama kuna mtu anajua nitapata wapi nsansa nzuri hapa Dar, ile mboga kavu ya majani ya kunde, isiyo na mchanga, naomba aniandikie. Hilo ndilo ombi lake la pili.