Mnatuandikia dawa ya soriasisi halafu mnatulaumu kwamba hatupaki

Wakuu, leo naomba mnivumilie, nina hasira.

Nina soriasisi, ule ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, kwa miaka mingi: viwiko, miguu yote miwili, mgongo mzima na kichwani. Juzi nimeenda kliniki kumweleza daktari kwamba mabaka yamezidi na magamba yamekuwa mazito. Hakuniambia hata nigeuke auone mgongo. Akafungua faili, akasoma alichoniandikia mara ya mwisho, akaniambia: "Dada yangu, wewe dawa hupaki." Akaandika tyubu ileile, akaita mgonjwa mwingine.

Sasa tupige hesabu, maana inaonekana hakuna anayeipiga. Dawa inayokamuliwa kwenye tyubu ikajaa urefu wa pingili ya mwisho ya kidole cha shahada cha mtu mzima ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mguu mmoja, bila wayo, unataka gramu 3. Mkono mmoja gramu 1.5. Mgongo na makalio gramu 3.5. Mwenye mabaka yaliyotapakaa miguuni, mikononi na mgongoni anahitaji gramu 12.5 kwa kupaka mara moja tu. Mimi napewa tyubu ya gramu 15, naambiwa nipake asubuhi na jioni, nirudi mwezi ujao. Hiyo dawa haimalizi hata siku! Halafu mimi ndiye nisiyepaka?

Na huo mgongo naufikiaje? Naishi peke yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mnaosema "si kupaka tu" hamjui kupaka ni nini. Ukishapaka marhamu mwili mzima huwezi kukaa popote. Unasimama katikati ya chumba umeachanisha mikono, simu inaita huwezi kuishika, kitasa cha mlango kinateleza, nywele zinanata shingoni. Nguo ukivaa mapema inakunywa dawa yote. Shuka zinabadilika rangi na harufu haitoki hata uzifue vipi. Asubuhi unaamka kola imejaa magamba, unaoga, unaanza upya, na kazini wanakusubiri. Hiyo ni kazi kabisa, inakula saa za mtu kila siku, na inaliza.

Dawa za lami ya makaa ya mawe zinanuka na kuchafua nguo, na ngozi iliyopakwa inaungua haraka juani. Ditranoli, dawa nyingine ya kupaka ambayo imetumika tangu mwaka 1916, inaacha madoa ya zambarau na kahawia kwenye ngozi, taulo na sinki, na ikigusa ngozi isiyo na baka inaichoma. Ndiyo maana kwa matumizi ya nyumbani mara nyingi inapakwa kwenye baka lenyewe tu, inaachwa kwa muda mfupi, kisha inaoshwa. Mimi nilipewa bila neno lolote kuhusu kuiosha. Niliambiwa "paka usiku ulale". Niliamka pembeni ya mabaka pameungua, panauma kuliko soriasisi yenyewe.

Ila kilichoniudhi zaidi ya yote ni hiki. Niliandikiwa kalsipotrioli, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini D, pamoja na mafuta yenye asidi salisiliki, kwa karatasi moja, maelekezo ya zote mbili ni "paka mara 2". Nikapaka kama nilivyoambiwa, moja juu ya nyingine, kwa miezi. Nafuu hakuna. Mfamasia mmoja, Mungu ambariki, ndiye aliyesoma karatasi akashtuka: asidi salisiliki inaiharibu kalsipotrioli, inaiondolea nguvu. Asidi inalainisha magamba ili dawa ifike kwenye ngozi, sawa, lakini hizo mbili hazipakwi pamoja. Miezi yote ile ya kunata na kufua nilikuwa najipaka dawa iliyokwisha kufa. Aliyeandika ni msomi, hilo ni jambo la kumwambia mgonjwa kwa sentensi moja.

Steroidi, yaani dawa za kupaka za kutuliza uvimbe wa ngozi, nazo ni hivyohivyo. Kali kama klobetasoli ina kikomo, gramu 50 kwa wiki kwa mtu mzima, na haikusudiwi kupakwa miezi mfululizo wala usoni, kwa sababu inaipunguza ngozi unene mpaka inakuwa nyembamba na kuchanika. Ukiikatisha ghafla baada ya kuizoea, ugonjwa unaweza kurudi kwa kishindo. Kuna watu wanaambiwa "endelea mpaka upone". Wapone wapi? Soriasisi inatulia, haina dawa ya kuimaliza. Kinga ya mwili ndiyo inayoisukuma ngozi ijizalishe kwa siku chache badala ya karibu mwezi mzima. Na ukimwona anayeuza chupa ya "kumaliza kabisa", kimbia.

Jingine lisilosemwa: mafuta ya ngozi yenye parafini (ile ya vaselini, si mafuta ya taa) yakiingia kwenye nguo na shuka, zikishika moto zinawaka kwa kasi. Mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari mwaka 2018, ikasema kufua kunapunguza lakini huenda kusiondoe yote. Mvutaji sigara au anayepika kwa moto wa wazi anapaswa kuambiwa hivyo siku anayopewa kopo. Nani kaambiwa hapa?

Mwaka 2014 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha azimio kwamba soriasisi ni ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na unaolemaza. Kwa hiyo msituchukulie kama watu waliokuja kutafuta urembo.

Ninachodai ni kidogo. Niandikieni gramu zinazolingana na mwili wangu. Niandikieni ipi kwanza, ipi baadaye, ikae muda gani, niishie lini. Muulize mgonjwa nani anampaka mgongoni. Na mgonjwa akisema dawa haifanyi kazi, mwangalieni ngozi kabla hamjamhukumu.

Wenzangu wenye soriasisi ya kichwani: magamba mnayalainishaje usiku bila mto kuloa mafuta? Na mnaoishi peke yenu, mgongo mnaupaka kwa kutumia nini? Naombeni majibu ya watu wanaofanya hivyo kweli.