Naomba ushauri: jenereta inatikisa hadubini ya maabara

Habari zenu wakuu. Kwenye kituo cha afya huku Tukuyu, jenereta ya mizunguko 1500 kwa dakika (hezi 25, yaani mizunguko 25 kwa sekunde) imefungwa kwenye zege lililoungana na msingi wa maabara. Ikiwashwa tu, slaidi za malaria kwa lenzi ya 100 hazisomeki, picha inacheza, na mgonjwa anasubiri majibu.

Tumekaza bolti, tukaweka mipira chini ya fremu. Imebonyea milimita 1 tu, yaani masafa ya asili ya mfumo (kasi ambayo jenereta ingecheza yenyewe juu ya mipira ikisukumwa) yamebaki hezi 16 hivi, karibu mno na hezi 25 za jenereta, na karibu theluthi mbili ya mtikisiko bado inapita. Springi zinazobonyea milimita 10 zingeyashusha masafa hayo hadi hezi 5, hivyo mtikisiko mdogo zaidi ungepita.

Je, springi zitatosha bila kukata zege? Na bomba la moshi lililobanwa ukutani, kipande cha kunyumbulika kiwe na urefu gani?