MREJESHO: Kuingiza habari kwenye modeli ya mlipuko

Wakuu, asanteni. Swali lilikuwa: kwa nini kuongeza uelewa (watu kujua kuna ugonjwa na kujikinga) kwenye SIR, modeli inayogawa watu kuwa walio hatarini (S), wagonjwa (I) na waliopona (R), kunapunguza wagonjwa lakini R0, yaani wastani wa watu anaowaambukiza mgonjwa mmoja mwanzoni, haisogei?

Jibu mlilotoa limesimama. Habari ikitokana na wagonjwa wenyewe, siku ya kwanza hakuna anayejikinga, kwa hiyo R0 inabaki β/γ (kasi ya kuambukiza kwa kasi ya kupona): 0.5/0.2 = 2.5. Funk na wenzake, watafiti wa modeli za magonjwa, walionyesha hivyo mwaka 2009, tena kwa jambo zito zaidi: habari ikipita kwa majirani walewale wanaoambukizana, inaweza kuuzima ugonjwa kabisa. Modeli ya watu waliochanganyika ovyo hailioni hilo.

Muundo ulionifanyia kazi: S imegawanywa, wasiojua (wanaambukizwa kwa β) na wanaojua (0.3β, yaani 2.5 inashuka hadi 0.75 kama wote wangejua). Kasi ya wanaojua kusahau na kurudi kwa wasiojua ni λ = 1/30 kwa siku. Hapa ndipo pa kuangalia sana: λ ikiwa sifuri, wimbi la pili haliwezi kutokea, maana walio hatarini wanapungua tu. Ikiwa juu ya sifuri, watu wanalegea na maambukizi yanaweza kupanda tena.

Uvumi upeni kundi lake. Kivu Kaskazini, 2018 hadi 2020, uvumi kuhusu Ebola ulisambaa sambamba na taarifa sahihi; kupunguza tu kasi ya habari hakuonyeshi ushindani huo.