Wales kwa wiki moja: nyumba ya kujipikia, ngome za kale, na mama mwenye magoti mabovu

MamaWawili:
Habari zenu wapendwa. Mama yangu anakuja kunitembelea huku Uingereza mwezi wa tano, nasi tumepanga wiki nzima kaskazini mwa Wales kuangalia zile ngome. Hoteli hazitufai. Mama ana kisukari, anapika chakula chake mwenyewe na anakula kwa saa zake. Kwa hiyo tutakodi nyumba yenye jiko. Je, tukae nyumba moja wiki nzima, au tuhame kila baada ya siku mbili tuwe karibu na kila ngome? Na magoti ya mama yanasumbua, ngazi nyingi haziwezi. Gari tunalo.

JiweLaKale:
Dada, msihame. Nimekwenda huko mara nne na kila mara nakaa mahali pamoja. Kwanza, nyumba nyingi hukodishwa kwa wiki, Jumamosi hadi Jumamosi au Ijumaa hadi Ijumaa. Unaingia saa kumi alasiri, unatoka saa nne asubuhi. Pili, kati ya zile ngome nne kubwa, ukikaa upande wa Caernarfon, Beaumaris ni karibu kabisa, na Conwy na Harlech zote unafika kwa kama saa moja au pungufu.

Ila kabla hujalipa, muulize mwenye nyumba choo kiko ghorofa gani. Mimi nilifika usiku na mama mkwe, nikatoa ufunguo kwenye kile kisanduku cha namba ukutani, tukaingia, tukakuta choo na vitanda vyote viko juu, na ngazi yenyewe imesimama wima kama ya kupandia darini. Kwenye picha haikuonekana. Mama wa watu alilala kwenye kochi siku saba, na mpaka leo roho inaniuma. Uliza pia kama mashuka na taulo vimo kwenye bei. Chakula nunueni Jumamosi njiani, kwa sababu Jumapili maduka makubwa hufunguliwa kwa muda wa saa sita tu.

Sasa ngome. Llywelyn ap Gruffudd, mtawala wa Wales, aliuawa Desemba 1282. Mwaka uliofuata Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza akaanza kujenga Conwy na Caernarfon, na kila moja akaifungia mji wake ndani ya ukuta ili akae Mwingereza, Mwelshi abaki nje. Mwambie mama hilo kabla hamjafika, maana bila hilo utaona minara mizuri tu.

Kwa magoti yake, anzeni Beaumaris. Ilianzwa 1295, fedha zikaisha, haikumalizika hadi leo, kwa hiyo kuta zake si ndefu. Uwanja wake ni tambarare, na maji bado yameizunguka sehemu kubwa. Caernarfon waliweka lifti kwenye Lango la Mfalme, ilifunguliwa 2023. Harlech iko juu ya mwamba, lakini tangu 2015 kuna daraja la kuingilia, usitishike na picha. Conwy ndiyo ngumu: utamu wake uko juu ya ukuta wa mji, zaidi ya kilomita moja na minara 21. Hapo wewe panda, mama akusubiri chini.

Halafu nendeni Dolbadarn pale Llanberis. Ni mnara mmoja wa duara juu ya ziwa, na huu walijenga Wawelshi wenyewe kabla ya Edward. Kuna kilima kidogo cha kupanda. Mimi huutaka kuliko zote nne.

DadaWaMachimboni:
Naongeza jambo ambalo mtu akishika njia ya ngome tu hulipita. Nyumba mtakayolala nayo ni historia. Nilikodi kijumba Bethesda, kimojawapo cha safu ya nyumba za wachimba mawe. Kizingiti cha mlango ni jiwe jeusi bapa, na katikati limelika kama bakuli kwa viatu vya watu waliotoka hapo alfajiri kwenda machimboni. Niliweka kidole mle kila nikiingia.

Mwaka 1900 wachimbaji wa machimbo ya Penrhyn, hapo hapo Bethesda, waligoma, na mgomo ukaenda miaka mitatu. Familia ziliweka kadi dirishani: "Nid oes bradwr yn y tŷ hwn", yaani, hakuna msaliti ndani ya nyumba hii. Jirani mzee ndiye aliyenionyesha dirisha, akanifundisha na kutamka.

Ngome ya Penrhyn iko kilomita chache tu kutoka hapo, na inaonekana ya kale lakini ni ya karne ya 19. Fedha zake zilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica na kwenye machimbo haya haya. Utumwa ulipofutwa, aliyeijenga alilipwa fidia ya pauni 14,683 kwa watumwa wake 764. Alilipwa yeye, wao hawakupata kitu. Mkitoka kwenye vyumba vile vya dhahabu, rudini mpike kwenye kijumba cha mchimbaji. Sisi tulikaa mezani hadi usiku tukizungumza.

Na jingine, MamaWawili: vijana wa huko wanakosa pa kuishi kwa sababu nyumba za vijijini zinageuzwa za likizo. Septemba 2024 halmashauri ya huko, Gwynedd, ilianza kutaka kibali kabla ya kugeuza nyumba ya makazi kuwa ya wageni. Ukipata zizi la shamba lililojengwa upya kwa ajili ya wageni, chukua hilo kwanza.

JiweLaKale:
Dada wa Machimboni kasema kweli. Na mazizi mengi yana chumba cha chini, mama atapona.

MamaWawili:
Nimewaelewa, asanteni sana. Nimemwandikia mwenye shamba mmoja jirani na Llanberis: zizi la zamani, chumba na bafu vyote chini, jiko la gesi. Amenijibu kwamba mlangoni kuna kidato kimoja tu. Mama nimemsomea habari ya Penrhyn kwa simu. Alinyamaza kidogo, akauliza wale 764 majina yao yameandikwa wapi. Anataka tuanze na hapo, Beaumaris siku ya pili.